Kupatwa kwa jua kwa 3 Machi 1337, na hesabu zilizokutangulia

Tarehe 3 Machi 1337 mwezi ulipita mbele ya jua. Kusini mwa Ufaransa, mwanafalaki Myahudi Levi ben Gerson alikupima kupatwa huko, kisha akaanza kuijenga upya nadharia yake ya mwendo wa jua. Upande wa Wayunani, mtawa Barlaam kutoka Calabria aliandika hesabu zake hatua kwa hatua, kama alivyofanya kwa kupatwa kwa 14 Mei 1333. Hasimu wake Nikephoros Gregoras, wa Konstantinopoli, alikuwa amekwisha kukokotoa kupatwa kwa 16 Julai 1330. Watu hawa hawakuwa na darubini wala saa ya kuaminika hadi dakika moja. Kazi yao ilikuwa karatasi, majedwali na uvumilivu.

Karne mbili za mwisho za Zama za Kati, tuseme 1300 hadi 1500, husimuliwa kana kwamba kila jua lilipofifia watu wote walipiga magoti. Hofu ilikuwepo, hilo halina ubishi. Waskoti waliuita mchana wa 17 Juni 1433 "Saa Nyeusi". Lakini kwa mtu wa majedwali, kupatwa kwa jua kulikuwa mtihani, tena mgumu kuliko yote aliyokuwa nayo. Sababu ni moja. Mwezi unapopatwa, huingia kwenye kivuli cha dunia, na kila anayeuona anaona jambo lile lile kwa wakati ule ule. Jua linapopatwa, kivuli cha mwezi kinaanguka juu ya ardhi na kupita mbio, hivyo mji mmoja unaona giza, mwingine unaona jua lililomegwa, na wa tatu hauoni kitu. Kujua mwezi uko wapi hakutoshi. Lazima ujue wewe uko wapi, na hapo ndipo hesabu nyingi za wakati huo zilipoharibikia.

Hesabu yenyewe

Ulaya ya magharibi ilitegemea majedwali ya Alfonso, yaliyopewa jina la mfalme Alfonso wa 10 wa Castile. Yalihesabiwa kwa wakati wa Toledo, Hispania, na wanahesabu wa Paris waliyapanga upya katika miaka ya 1320. Maelekezo yaliyosambaa kuliko yote ni ya John wa Saxony, ya mwaka 1327. Wayunani walikuwa na Ptolemy, mwanafalaki wao wa kale, na pia majedwali yaliyotafsiriwa kutoka Kiajemi. Wanafalaki wa Kiislamu walikuwa na zij nyingi, yaani vitabu vya majedwali ya anga, na katika karne ya 15 ikaongezeka ile ya Ulugh Beg wa Samarkand, iliyokamilika mwaka 1437. Tarakimu zinatofautiana, ila mwendo wa kazi unafanana sana.

Unaanza na muungano wa wastani, yaani wakati ambao jua na mwezi vingekutana kwenye longitudo moja ya anga kama vyote viwili vingetembea kwa kasi isiyobadilika. Urefu wa wastani wa mwezi mwandamo ni siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde 3 na kidogo, na watu wa Zama za Kati waliujua hivyo hivyo. Jedwali linakupa muungano mmoja wa kuanzia, nawe unajumlisha urefu huo mara unazohitaji. Hapa kosa ni la kujumlisha tu.

Hatua ya pili ni kutoka kwenye wastani kwenda kwenye uhalisi. Jua halitembei sawasawa mwaka mzima. Majedwali ya Alfonso yanalipatia jua marekebisho yanayofika hadi nyuzi 2 na dakika 10 (dakika hizi ni sehemu 1 ya 60 ya nyuzi, si za saa). Mwezi nao, unapokuwa karibu na muungano, una marekebisho yanayofika nyuzi 4 na dakika 56. Yakiangukia pande zinazopingana, jua na mwezi vinaachana kwa nyuzi 7 na zaidi kidogo. Mwezi hulikaribia jua kwa takriban nusu nyuzi kwa saa, kwa hiyo muungano wa kweli unaweza kutangulia au kuchelewa kwa saa 14 hivi ukilinganisha na ule wa wastani. Hiyo ni zaidi ya nusu siku! Anayeishia kwenye wastani anaweza kuwaambia watu kupatwa ni mchana, kumbe kutatokea usiku upande mwingine wa dunia.

Tena usigawanye mara moja ukaridhika. Kasi ya mwezi yenyewe hubadilika, kutoka chini kidogo ya dakika 30 za nyuzi kwa saa hadi zaidi ya 36. Unagawanya pengo kwa kasi ya saa ile, unapata wakati mpya, unarudi kwenye majedwali kutafuta nafasi za jua na mwezi kwa wakati huo mpya, unaona pengo lililobaki, unagawanya tena. Kwa kawaida mara mbili zinatosha, na anayependa usahihi hufanya ya tatu.

Kisha unauliza mwezi uko umbali gani kutoka kwenye fundo, mahali ambapo njia yake inaikata njia ya jua. Mafundo yapo mawili, na kwa maandishi ya Kilatini, Kiarabu na Kiyunani huitwa Kichwa na Mkia wa joka. Ikiwa jua liko zaidi ya nyuzi 18 na nusu kutoka kwenye fundo, funga kitabu. Likiwa ndani ya nyuzi 15, kuna mtu mahali fulani duniani atakayeona kupatwa. Katikati ya hapo, endelea na hesabu ujue. Kwa umbali wa nyuzi 10 kutoka kwenye fundo, latitudo ya mwezi, yaani umbali wake kutoka njia ya jua, ni kama dakika 52 za nyuzi, kwa kuwa mwinamo wa njia yake ulichukuliwa kuwa nyuzi 5 kamili.

Mpaka hapa hujauliza mtazamaji yuko wapi. Sasa ndipo inakuja paralaksi, na kwayo kazi iliyokuwa ya nusu saa inakuwa ya siku nzima.

Paralaksi

Majedwali yanakupa mwezi kama unavyoonekana kutoka katikati ya dunia. Hakuna anayekaa katikati ya dunia. Anayesimama juu ya ardhi anauona mwezi umeshuka kidogo kuelekea upeo wa macho, na mshuko huo, mwezi ukiwa umelala upeoni, unafika dakika 54 hadi 61 za nyuzi. Upana wa mwezi ni nusu nyuzi tu. Maana yake, mahali unaposimama panaweza kuusogeza mwezi kwa upana wake mara mbili, na hiyo inatosha kabisa kuugeuza kupatwa kukubwa kuwa mchana wa kawaida.

Mshuko huo unagawanywa sehemu mbili: ile inayousogeza mwezi kwenye longitudo, na ile inayousogeza kwenye latitudo. Ya kwanza inabadili saa, ya pili inabadili ukubwa. Ili kuzitenganisha unahitaji kujua nyuzi gani ya njia ya jua inachomoza mashariki kwa wakati ule, uhesabu nyuzi 90 kutoka hapo, na upate nukta ambayo paralaksi ya longitudo ni sifuri. Kanuni ya mwelekeo ndiyo iliyowaponza wengi. Muungano ukitokea mashariki ya nukta hiyo, ule unaoonekana hutangulia ule wa kweli. Ukitokea magharibi yake, unachelewa. Ukikosea upande, unalifanya kosa kuwa maradufu: paralaksi ya dakika 40 za nyuzi ni kama saa 1 na dakika 20, na ukiijumlisha pale ulipopaswa kuitoa umepotea kwa saa 2 na dakika 40.

Na hapa pia kuna kurudia. Ukishausogeza wakati, nukta ile ya nyuzi 90 imehama, paralaksi imebadilika, na lazima uitafute upya. Majedwali mengi yalipangwa kwa iklimu saba, yaani mikanda ya latitudo, na mwenye mji ulio kati ya mikanda miwili alipaswa kukisia thamani ya katikati. Wavivu walichukua iklimu ya karibu.

Ukipata latitudo inayoonekana, ukubwa wa kupatwa ni hesabu fupi. Kipimo ni vidole: kipenyo cha jua ni vidole 12. Chukua nusu kipenyo cha jua, dakika 15 na sekunde 40, na cha mwezi, tuseme dakika 16 na sekunde 40. Jumla ni 32 na 20. Ikiwa mwezi unaonekana kupita dakika 10 kutoka kwenye kitovu cha jua, toa 10, inabaki 22 na 20. Gawanya kwa kipenyo kizima cha jua, 31 na 20, kisha zidisha kwa 12: vidole 8 na nusu. Kwa muda, kanuni ya pembetatu mraba inakupa kama dakika 31 za nyuzi kutoka mguso wa kwanza hadi kilele, yaani takriban saa moja. Wengi waliuzidisha muda huo kwa mbili na kuuita muda wote wa kupatwa. Si sahihi, kwa sababu paralaksi haikai vile vile kwa saa mbili. Nusu ya kwanza na ya pili hazilingani, na ukitaka usahihi unazikokotoa kila moja peke yake.

Mwisho unageuza wakati wa Toledo kuwa wakati wa mji wako. Nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4 za saa. Kati ya Toledo na Paris kuna nyuzi 6 na kitu, sawa na dakika 25 hivi, lakini longitudo zilizoandikwa kwenye orodha za miji za wakati ule zilikuwa na makosa ya nyuzi kadhaa. Hesabu yako ingeweza kuwa safi kuanzia juu hadi chini, ukaharibiwa na mstari wa mwisho.

Kwa kazi ya namna hii ndiyo maana Richard wa Wallingford, kwenye abasia ya St Albans, alibuni mwaka 1326 chombo cha diski alichokiita Albion, chenye vipimo vya kutafutia kupatwa bila kuandika hesabu zote. Na ndiyo maana Georg Peuerbach wa Vienna, katikati ya karne ya 15, alitengeneza majedwali ya kupatwa peke yake.

Makosa mengine yalitoka kwenye kunakili. Mwandishi akikosea tarakimu moja kwenye jedwali, kila anayelinakili baada yake anarithi kosa hilo. Kwenye zij za Kiarabu namba ziliandikwa kwa herufi za abjadi, ambamo jim ni 3 na ha ni 8, na tofauti yao ni nukta tu. Waandishi makini waliikata jim mkia ili zisichanganywe.

Mfalme Sejong na dakika 14

Mfano bora wa tatizo la mahali unatoka Korea. Tarehe 23 Januari 1422, siku ya mwaka mpya wa mwandamo, mfalme Sejong alivaa nguo nyeupe na kutoka nje ya ukumbi pamoja na wakuu wake kusubiri kupatwa kwa jua. Kulikuja, lakini kulikuwa kumekosewa kwa gak moja. Siku ilikuwa na gak 100, kwa hiyo kosa lilikuwa la dakika 14 na sekunde 24. Ofisa aliyefanya hesabu alichapwa viboko.

Kwa kweli dakika 14 ni matokeo mazuri kwa zama zile. Wanahesabu wa Korea walikuwa wakitumia kanuni za Kichina, zilizotokana na mfumo wa Shoushi wa mwaka 1281 wa Guo Shoujing na wenzake, na zilizolenga miji mikuu ya China. Dawa haikuwa fimbo. Sejong mwenyewe alilitambua hilo: katika miaka ya 1440 wanafalaki wake walimaliza mfumo uitwao Chiljeongsan, uliohesabiwa kwa mji wake mkuu, ambao leo ni Seoul. Sehemu yake moja ilifuata njia ya Kichina na nyingine njia ya Kiislamu.

India kusini kulikuwa na mtu mwenye mwelekeo kama huo. Parameshvara wa Kerala aliangalia kupatwa kwa jua na mwezi kuanzia 1393 hadi 1432, akalinganisha na mfumo wa zamani uliotumika huko, na mwaka 1431 akatoa mfumo aliousahihisha, Drigganita, jina lenye maana ya hesabu inayokubaliana na macho. Miaka 40 ya kusubiri jua limegwe! Ukiniuliza nani aliifanya kazi hii kwa subira kuliko wote, nitamtaja yeye.

Pete ambayo Ptolemy hakuiruhusu

Kuna kosa moja ambalo halikuhusu mahali. Ptolemy alisema kipenyo cha jua hakibadiliki, ni dakika 31 na sekunde 20, na kwamba mwezi ukiwa mbali kabisa unakuwa na kipenyo hicho hicho. Ukizikubali namba hizo, kupatwa kwa pete, ambako jua hubaki kama pete kuuzunguka mwezi, hakuwezekani, maana mwezi hauwi mdogo kuliko jua hata siku moja. Ukweli ni kwamba jua huonekana kati ya dakika 31 na nusu na 32 na nusu, na mwezi hushuka hadi dakika 29 na nusu. Pete hutokea mara nyingi, na hakuna marekebisho ya tarakimu ndogo yanayoweza kuiokoa nadharia isiyoiruhusu.

Ibn al-Shatir, mtunza wakati wa Msikiti wa Umawiyya huko Damascus, aliyefariki mwaka 1375, aliacha jua libadilike ukubwa kwenye mfumo wake. Pia alirekebisha aibu nyingine ya Ptolemy: mfumo wa mwezi uliouleta karibu sana na dunia wakati wa robo, kiasi kwamba ungepaswa kuonekana karibu maradufu. Wakati wa muungano kasoro hiyo haidhuru, na ndiyo sababu watu waliendelea kukokotoa kupatwa kwa mfumo wenye mwezi wa ajabu kwa zaidi ya miaka elfu moja bila kubughudhiwa.

Kuangalia bila kupofuka

Juni 1285 jua lilipatwa, na William wa Saint-Cloud, mwanafalaki wa Ufaransa, aliandika baadaye kwamba waliolikodolea macho walibaki na giza machoni, wengine siku mbili, wengine tatu, wengine zaidi. Ushauri wake unafaa mpaka leo. Toboa tundu kwenye paa au dirisha la nyumba iliyofungwa, upande wa jua, upana wake kama tundu la kutolea kinywaji kwenye pipa. Weka ubao bapa umbali wa futi 20 hadi 30, na uitazame taswira ya jua juu ya ubao.

Vipimo vinahitaji maelezo kidogo. Taswira ya jua ina upana wa takriban sehemu 1 ya 108 ya umbali. Kwa mita 6 ni milimita 56. Kwa mita 9 ni milimita 83. Tundu lenyewe linaongeza upana wake juu ya hapo. Tundu la sentimita 2 kwa mita 6 linakupa doa la milimita 76 lenye kingo laini, na ncha za jua lililomegwa zinakuwa butu, hivyo sehemu iliyofunikwa inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Levi ben Gerson alilijua hili na kulitoa tundu kwenye kipimo: pima taswira nzima, ondoa upana wa tundu, kinachobaki ndicho kipenyo cha jua. Kwa Kiarabu jambo hilo lilikuwa limechambuliwa na Ibn al-Haytham katika karne ya 11, na Kamal al-Din al-Farisi alilirudia na kulieleza zaidi kabla ya kufariki mwaka 1319. Tundu likiwa dogo mno nalo halifai, kwa sababu mwanga unakuwa hafifu na huoni kingo. Tena ubao lazima uelekee jua moja kwa moja. Ukilala, duara linakuwa yai, na kipimo chako cha vidole kinaharibika.

Kupima saa kulikuwa kugumu zaidi. Saa za mitambo zilikuwepo kwenye minara, lakini hakuna aliyeziamini kwa kazi hii. Mtu alipima kimo cha jua kwa astrolabu, chombo cha mkononi cha kupimia anga, mwanzoni na mwishoni mwa kupatwa, kisha akakigeuza kuwa wakati. Kwenye latitudo ya nyuzi 44, jua hupanda kwa kasi isiyozidi nyuzi 11 kwa saa, kwa hiyo kosa la nyuzi moja ni dakika 5 au 6 asubuhi na jioni. Karibu na adhuhuri ni balaa: kimo kinasimama, na kosa lile lile linakula nusu saa. Rekodi ya kupatwa kwa saa sita mchana iliyopimwa kwa kimo cha jua peke yake isiaminiwe sana.

Mguso wa kwanza haukamatiki. Mpaka jicho lione kwamba ukingo umeng'atwa, dakika kadhaa zimepita. Na mwishoni jicho linatangaza kwamba kumekwisha kabla hakujaisha. Kwa hiyo muda uliopimwa karibu kila mara ni mfupi kuliko wa kweli.

Jozi za miaka 18

Levi alipima kupatwa kwa jua mara nne: 26 Juni 1321, 14 Mei 1333, 3 Machi 1337 na 7 Julai 1339. Tazama ya kwanza na ya mwisho. Kati yake kuna siku 6,585, yaani miaka 18 na siku 11: ndio mzunguko wa sarosi, miezi myandamo 223. Baada ya muda huo jua, mwezi na fundo hurudi karibu pale pale. Lakini sarosi ina theluthi ya siku juu ya hizo 6,585, kwa hiyo kupatwa kunakofuata huangukia saa 8 baadaye, na dunia imezunguka theluthi moja.

Mlolongo ninaoupenda zaidi ni huu. Tarehe 7 Juni 1415, asubuhi, giza liliifunika Ulaya ya kati. Siku hiyo hiyo, huko Konstanz, Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyeshtakiwa kwa uzushi, alipelekwa mbele ya mtaguso wa kanisa kwa mara ya pili, na aliyeshuhudia aliandika kwamba ilikuwa kama saa moja baada ya jua kupatwa karibu lote. Ongeza sarosi moja: 17 Juni 1433, na badala ya asubuhi ni saa tisa alasiri, ndiyo Saa Nyeusi ya Waskoti. Ongeza nyingine: 28 Juni 1451, kwa kuchelewa tena kwa saa 8, na kivuli kimefika Amerika Kaskazini. Baadhi ya watafiti wamekuhusisha kupatwa huko na simulizi la kuundwa kwa umoja wa mataifa ya Iroquois, ingawa wengine wanashikilia mwaka 1142.

Sarosi inakuonya, haikuambii kama mji wako utaona. Wamaya wa Amerika ya Kati walikuwa na njia yao ya kuonya: jedwali katika kodeksi ya Dresden, kitabu chao cha kale, linapitia miezi myandamo 405, siku 11,960, likiruka kwa hatua za siku 177 na mara moja moja 148. Ni kazi safi, na haijaribu kabisa kusema ni mahali gani.

Wateja wa Ulaya walitaka mambo tayari. John Somer alitoa kalenda yenye kupatwa mwaka 1380, na Nicholas wa Lynn nyingine mwaka 1386 kwa ajili ya John wa Gaunt, mwanamfalme wa England, inayoanza 1387 na kufika 1462. Kila kupatwa kuna mchoro wa duara lililopakwa rangi kuonyesha vidole vilivyofunikwa. Matabibu walibeba kalenda kama hizo zimekunjwa na kuning'inia kiunoni. Mwaka 1474 mwanafalaki Mjerumani Regiomontanus akachapisha yake kwa mashine huko Nuremberg, yenye kupatwa mpaka 1530.

Ukitaka kuzikagua rekodi hizi leo

Programu ya anga kama Stellarium inatosha, ila kuna mitego minne.

Tarehe zote kabla ya 15 Oktoba 1582 ni za kalenda ya Juliasi, na programu nyingi zinalijua hilo. Usiongeze siku 8 au 9 mwenyewe ukidhani unasahihisha.

Mwaka ndio hatari zaidi. England na Florence mwaka ulianza 25 Machi, kwa hiyo mwandishi wa huko angeandika 3 Machi 1336 kwa siku tunayoiita 3 Machi 1337. Kupatwa kwa 16 Machi 1485, siku aliyofariki malkia Anne Neville, ni 1484 kwa hesabu hiyo. Kwa Wayunani 3 Machi 1337 ni mwaka 6845 tangu kuumbwa ulimwengu. Kwa Hijria ni mwisho wa Rajabu 737, na hapo una kipimo cha haraka: jua hupatwa mwisho wa mwezi mwandamo tu, tarehe 28 hadi 30. Rekodi ikisema tarehe 14, ni mwezi uliopatwa, au mnakili amesinzia.

Saa nazo. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu kwa Kilatini hora tertia ni saa tatu asubuhi na hora sexta ni saa sita mchana, bila kugeuza chochote. Tahadhari ni kwamba saa hizo mara nyingi zilikuwa sehemu 1 ya 12 ya mchana wa siku ile: kwenye latitudo ya Prague, saa ya Juni ina dakika 80 na ya Desemba 40. Wanahesabu walihesabu kutoka adhuhuri, na Italia ilihesabu kutoka machweo. Jua mwandishi ni wa kundi gani kabla hujamhukumu.

Mtego wa nne umejificha kwenye mipangilio ya programu. Dunia inapunguza kasi ya kuzunguka, na tofauti iliyojikusanya kati ya wakati wa fizikia na wakati wa mzunguko wa dunia huitwa delta-T. Kwa mwaka 1300 ni kama sekunde 490, kwa 1400 kama 320, kwa 1500 kama 200. Ukiizima, njia ya kivuli ya mwaka 1300 inahama nyuzi 2 za longitudo, ambazo kwenye latitudo ya nyuzi 40 ni kilomita 170 hivi. Ukanda wa giza kamili kwa kawaida hauzidi kilomita 270 kwa upana, mara nyingi ni mwembamba zaidi. Kwa kitufe kimoja unaweza kuutoa mji mzima kwenye giza lililoandikwa na watu waliokuwa wamesimama ndani yake.